Mkono Ndani ya Tangi

Mtu anayefuga samaki kwenye tangi la mimea ana ndoto moja asiyoisema sana: apate tangi linalojiendesha. Maji yabaki maangavu bila kubadilishwa, mimea ikue bila mbolea, samaki wazae na wafe kwa wakati wao, naye awe mtazamaji tu. Vijana wanaouza samaki wa mapambo Dar es Salaam hulisifu tangi kwa maneno hayo hayo: "Hili halikusumbui." Ndoto hiyo ninayo pia, na ndani yake naliona swali ambalo watu wa dini wamelipigania kwa karne nyingi. Muumba aliyekamilika ni yupi? Ni yule ambaye kazi yake ikishaundwa haihitaji tena mkono wake, au ni yule ambaye kazi yake haiwezi kusimama dakika moja bila yeye?

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, Mwislamu, Mluguru kwa ukoo wa mama yangu wa Matombo, na makazi yangu ni Kihonda, Morogoro. Tangi langu ni la lita 180. Alilitengeneza fundi wa vioo na aluminiamu wa mtaani kwetu, kwa kioo cha milimita 8, na silikoni akaiacha ikauke wiki nzima kabla hajaniruhusu kutia maji. Chini kuna udongo wa bustani uliochekechwa, kama sentimita 3 hivi, na juu yake changarawe ya mtoni iliyooshwa mpaka maji yakatoka bila tope. Nyuma nimepanda Vallisneria, ambayo majani yake marefu hulala juu ya maji. Pembeni kuna Anubias iliyofungwa kwa uzi kwenye kisiki, maana ukilizika shina lake huoza. Katikati kuna yungiyungi moja ninalolipunguza majani lisije likawanyima wenzake mwanga, na juu huelea Ceratophyllum, mmea usio na mizizi, unaofyonza chakula chake moja kwa moja kutoka majini. Samaki ni gapi, pamoja na uduvi na konokono. Mimea mingi ilitoka Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, na kituo cha Morogoro kikiwa huku huku kwetu Kihonda, mjukuu wangu huniletea ikiwa imeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa, nayo hufika ikiwa mbichi.

Wazo kwamba mmea na mnyama wakifungiwa pamoja wanaweza kupeana uhai lilitoka kwa mtu wa dini. Joseph Priestley alikuwa mchungaji wa kanisa mjini Leeds, Uingereza. Katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1771 alitia tawi la mnanaa ndani ya chombo cha kioo ambamo mshumaa ulikuwa umewaka hadi ukazimika kwa kuimaliza hewa nzuri. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliweza kuwaka humo tena, na panya aliyetiwa kwenye hewa iliyotengenezwa na mmea akaendelea kupumua. Priestley aliliona hilo kuwa mpango wa Mungu wa kuisafisha hewa ambayo wanyama na moto huichafua. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari kutoka Uholanzi, akagundua jambo la pili: mmea hufanya hivyo penye mwanga tu. Gizani nao huvuta hewa ile ile wanayoivuta wanyama.

Ugunduzi wa Ingenhousz nauona kwa macho yangu kila siku. Taa yangu huwaka kwa saa 7 kila siku, na ikikaribia kuzimwa, vipovu vidogo vya oksijeni husimama kwenye ncha za majani ya Vallisneria, kimoja kimoja, kisha hupanda. Usiku mambo hugeuka. Mimea, samaki, konokono na bakteria wote wanavuta oksijeni, hakuna anayeitoa, na karibu na mapambazuko kiwango chake huwa chini kuliko wakati wowote wa siku. Ndiyo maana baada ya swala ya alfajiri huliendea tangi kabla ya kuendea chai. Kama kuna tatizo, saa hiyo ndiyo litaonekana: samaki watakuwa juu, midomo imegusa uso wa maji.

Aliyekamilisha duara alikuwa Robert Warington, mkemia wa London. Aliweka samaki wa dhahabu wawili na Vallisneria ndani ya chombo cha kioo. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kisha majani yaliyokufa yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono. Konokono wakala mabaki, mayai yao yakawa chakula cha samaki, na maji yakatulia. Mwaka 1850 akawaeleza wanakemia wenzake habari hiyo. Alichokosa kukijua Warington ni kile kisichoonekana kabisa. Samaki hutoa amonia kwenye matamvua na kwenye kinyesi, na amonia ni sumu. Bakteria wanaokaa juu ya changarawe, vioo na majani huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo ni chakula cha mimea. Sergei Winogradsky, Mrusi, alieleza kazi ya bakteria hao mnamo 1890. Kwa zaidi ya karne iliaminika kwamba ni lazima ziwepo aina mbili za bakteria, kila moja na hatua yake, hadi mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalipotangaza kuwa wapo wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Nilikuwa nimeshafundisha ile habari ya zamani kwa vizazi vya wanafunzi. Nilifurahi sana kuona kiumbe kidogo namna hiyo bado alikuwa na la kutufundisha.

Bakteria hao ndio sababu tangi jipya haliwezi kutiwa samaki siku ya kwanza. Wanahitaji wiki kadhaa waongezeke. Wafugaji wenye uzoefu hufupisha muda huo kwa kuazima uzee: huchukua sponji la chujio la tangi la zamani, au kiganja cha changarawe yake, wakaliweka katika jipya. Mimi nilipewa sponji na kijana mmoja wa Dar es Salaam, naye alikuwa ameanza kwa sponji la mwenzake, na mwenzake vivyo hivyo. Ukifuata mnyororo huo kurudi nyuma unafika kwenye bwawa fulani, na ukifuata bwawa unafika mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwepo kushuhudia.

Hapa namkumbuka Philip Henry Gosse, Mwingereza ambaye kitabu chake cha 1854 kiliwafanya watu wengi wa nchi yake watamani kuwa na tangi la viumbe sebuleni. Alikuwa muumini mkali. Mwaka 1857 alitoa kitabu kingine, Omphalos, akadai kwamba uhai ni duara, yai kwa kuku na mbegu kwa mti, hivyo Mungu alipoumba hakuwa na budi kuliingilia duara katikati yake, akaumba miti yenye pete za miaka ambayo haikuwahi kupita. Wanasayansi walimkataa. Waumini wenzake wengi walimkataa pia, kwa sababu alimfanya Mungu aonekane mwenye kughushi ushahidi. Nami namkataa kwa sababu hiyo hiyo. Hata hivyo aliona jambo ambalo kila mfugaji analijua mikononi mwake: maisha hayaanzi kwa kipande kimoja kimoja. Huwezi kutia samaki leo, bakteria mwezi ujao na mimea mwakani. Yanakuja pamoja au hayaji.

Basi tangi likishasimama, mkono wa nini tena?

Mwaka 1715 Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani, alimwandikia Caroline, mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, akilalamika juu ya wafuasi wa Newton. Walikuwa wakisema kwamba mwendo wa sayari ungeharibika taratibu na kuhitaji Mungu aurekebishe. Leibniz alilichukia wazo hilo. Aliwaambia kwamba wamemfanya Mungu kuwa fundi saa asiyeujua ufundi, ambaye kila mara lazima aijaze saa yake ufunguo na kuisafisha. Samuel Clarke, kasisi na rafiki wa Newton, akajibu kwamba ufalme unaokwenda wenyewe bila mfalme kufanya lolote ni ufalme wa jina, na anayemwondolea Mungu kazi ya kila siku atafika mahali pa kumwondoa kabisa. Waliandikiana hivyo mpaka Leibniz alipofariki mwaka 1716.

Wafugaji wa mimea ya majini wamegawanyika kama wao, ingawa hawajui. Kuna mtindo alioueneza Takashi Amano wa Japani, aliyefariki mwaka 2015: taa kali, gesi ya kaboni dioksidi ikitiririshwa majini, mbolea ya maji kwa kipimo, mikasi kila wiki. Matangi hayo ni mazuri hadi unanyamaza. Ukiyaacha wiki mbili bila mtu, mwani unafunika kila kitu, kwa sababu mwanga na mbolea ni vingi na kinachovisawazisha ni mkono. Upande wa pili yuko Diana Walstad wa Marekani, ambaye kitabu chake cha 1999 kilitetea udongo wa kawaida chini ya changarawe, mwanga wa wastani, chakula cha samaki kiwe ndiyo mbolea, na maji yabadilishwe mara chache. Langu ni la Walstad. Kihonda umeme hukatika na maji ya bomba huja kwa zamu. Tangi linalotegemea mtungi wa gesi na saa ya umeme ni tangi lililowekwa rehani. Niliwahi kutengeneza gesi kwa hamira na sukari ndani ya chupa ya maji, ikafanya kazi nzuri, lakini chupa hiyo hutoa gesi nyingi siku za mwanzo na kidogo siku za mwisho, na mimea haipendi mlezi wa namna hiyo.

Kwa hiyo mtu angetarajia nimuunge mkono Leibniz. Jirani yangu, mchungaji wa Kilutheri, ndivyo alivyofikiri jioni moja alipokaa mbele ya tangi.

"Mwalimu, sasa hili ukiliacha mwaka mzima litaishi?"

"Mimea itaishi, Mchungaji. Samaki sina hakika."

"Basi bado halijakamilika."

Nilimwomba aje tena Januari. Morogoro ya Januari ni joto linalokaa ndani ya nyumba hata usiku. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi 7 na nusu, na wakati huo huo samaki huhitaji zaidi kwa kuwa miili yao inafanya kazi haraka. Umeme ukikatika usiku wa namna hiyo, pampu ya hewa husimama. Mimi huamka, nikachota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, taratibu, ili yabebe hewa. Ni kazi ya mkono mtupu. Asubuhi hubadilisha robo ya maji kwa yale yaliyokaa kwenye ndoo wazi tangu jana yake, klorini ikiwa imeshatoka. Wakati wa masika sifanyi lolote kati ya hayo. Tangi ni lile lile na kanuni zake ni zile zile; kilichobadilika ni haja.

Kwangu, Leibniz na Clarke wote wawili waliutazama mkono na kuusahau uangalizi. Walibishana kama Mungu anagusa au hagusi. Lakini mfugaji mzuri hapimwi kwa mara alizotia mkono majini. Yupo aliyetia kila siku kwa wasiwasi akaua kila kitu, na yupo ambaye hakutia kwa sababu hata hakumbuki kuwa ana tangi. Anayetunza ni anayejua hali ya maji saa hii, aliye tayari, na ambaye kujizuia kwake pia ni kazi. Kanuni zikienda vizuri si kwamba ameondoka. Kanuni ndizo namna ya mtunzaji mwaminifu, asiyebadilika-badilika, ili viumbe waweze kuishi kwa kumtegemea.

Wanazuoni wetu walilifikia jambo hili kwa njia kali zaidi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuliza kuhusu pamba na moto. Tunaona pamba ikigusana na moto inaungua, lakini kugusana tu ndiko tunakokuona. Anayeumba kuungua ni Mungu, kila mara, na tunachokiita kanuni ya maumbile ni desturi yake. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyezaliwa miaka 15 baada ya kifo hicho, alimjibu kwamba anayefuta sababu na matokeo anafuta elimu yenyewe, maana kujua kitu ni kujua sababu yake. Kama mwalimu wa sayansi nilikuwa wa Ibn Rushd, na sehemu kubwa yangu bado iko kwake. Ila uzeeni nimemsogelea al-Ghazali kwa neno hilo la desturi. Desturi ina mwenyewe. Mvua ya vuli na mvua ya masika hazinidai mimi niziamini; zinakuja kwa desturi, na mwaka zinapochelewa ndipo mtu anahisi kwamba hakuwa na hati ya kuzidai.

Kuna samaki wa mkoa wetu ambao wanalieleza hili kuliko tangi langu. Wanaitwa kitaalamu Nothobranchius. Wanaishi kwenye madimbwi ya msimu, yale yanayojaa mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi wa mbuga na kukauka kabisa kiangazi. Aina moja, Nothobranchius steinforti, ilielezwa na wataalamu mwaka 1977 kutoka madimbwi ya Kimamba, karibu na Kilosa. Unguja nayo ina aina iliyoelezwa kutoka huko katika karne ya 19, Nothobranchius guentheri. Madume wana rangi ambazo watu wa Ulaya hulipia fedha nyingi. Wanakua upesi, wanataga matopeni, na dimbwi likikauka wote wanakufa, mkubwa na mdogo. Mayai yanabaki ndani ya tope lililopasuka. Ndani ya yai, ukuaji husimama kwa miezi. Mvua ikirudi, yanaanguliwa. Na hayaanguliwi yote: baadhi hubaki yamelala hata maji yakiyafikia, kwa hiyo mvua ya uongo ikija wiki moja na kukatika, hawapotei wote.

Nani aliyelifundisha yai kuwa na mashaka na mvua? Mwanasayansi ndani yangu ana jibu, nami nalikubali: katika miaka isiyohesabika, ukoo wa samaki ambao mayai yake yote yaliamka pamoja ulikwisha siku mvua ilipowadanganya. Hilo ni jibu la sababu. Halinizuii kuona kwamba dunia ambamo jambo hilo linawezekana ni dunia iliyotunzwa kabla ya haja. Hapo hakuna mkono unaokoroga maji usiku wa Januari. Utunzaji umetangulia, umewekwa ndani ya yai lenyewe. Leibniz angeyapenda madimbwi ya Kimamba.

Lakini wote wanakufa. Hilo lisirukwe. Katika tangi langu gapi hula watoto wao wenyewe. Nimepanda mimea minene kona moja ili wachache wapate maficho, na baada ya hapo siingilii. Ningeweza kumchota kila mtoto na kumtenga. Tangi lingejaa, amonia ingepanda, na wote wangekufa pamoja. Mfugaji anaelewa hesabu hiyo bila kuwa katili. Je, naweza kuipeleka kwa wanadamu?

Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, si mbali na kwetu. Watu wakakusanyika kuchota mafuta, na moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Sikumpoteza mtu wa damu yangu, ila nilikwenda misibani, na sikukuu ya Idi iliyofuata siku hizo ilikuwa nzito kwa mji mzima. Nikakumbuka pamba ya al-Ghazali kwa namna ambayo sikuwahi kuikumbuka darasani. Ikiwa kila kuungua kunaumbwa na Mungu, basi na kule?

Ninaweza kusema kwamba moto ambao leo unaunguza na kesho hauunguzi hauwezi kupikiwa wala kuogopwa. Kwamba kanuni ikivunjwa kila inapoumiza si kanuni tena, na hakuna mtu atakayeweza kupanga maisha yake juu yake. Ninaamini hivyo, kwa dhati. Lakini sikulisema kwenye msiba hata mmoja, na simshauri mtu alisemee huko. Mama aliyempoteza mwanawe hahitaji kuelezwa uthabiti wa maumbile. Na mfano wa mfugaji hapa unafika ukomo wake, kwa sababu mimi niko nje ya kioo. Maji ya samaki wangu siyapumui. Wakikosa hewa mimi naendelea kuvuta yangu. Mtu akinionyesha Mungu wa namna hiyo, aliyeketi sebuleni akitazama, nitamwambia huyo siye ninayemsujudia.

Nilimwambia Mchungaji hivyo hivyo. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Mwalimu, sisi tunaamini aliingia majini mwenyewe."

"Najua, Mchungaji. Nasi tunaamini ujuzi wake haukuwahi kuwa nje."

Hatukukubaliana, na wala hatukutafuta njia ya kujifanya tumekubaliana. Lakini wote wawili tulikuwa tumekataa kitu kimoja: kwamba kutunza ni kutazama kwa mbali. Mungu wa Leibniz akiachwa peke yake anaweza kuwa fundi aliyekwenda zake. Mungu wa Clarke akiachwa peke yake anaweza kuwa mrekebishaji anayefika kwa kuchelewa. Aliye karibu na kila kitu kwa ujuzi hahitaji kuwa mmojawapo. Kwa nini basi Msamvu? Hapo imani yangu haina jibu la kumpa mtu mkononi. Ina subira, sala, na wajibu wa kumsaidia aliyebaki.

Wajibu huo ndio sehemu ya binadamu katika habari hii, na kwa dini yangu na ya Mchungaji mtu amepewa dhamana ya viumbe, hakupewa umiliki. Anayepewa dhamana anaweza kudhuru kwa kujali bila kujua. Milima yetu ya Uluguru inalikumbuka hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilikuja na mpango wa kuhifadhi ardhi, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini udongo wenye rutuba wa mteremko ule ni tabaka jembamba. Ukichimba tuta unaufukia na kuutoa juu ule usiozaa. Wakulima walilijua hilo kwa majembe yao, hawakusikilizwa, na mwaka 1955 zikazuka ghasia zilizouvunja mpango. Wazee wa Matombo waliizungumza habari hiyo utotoni mwangu. Walioamrisha matuta hawakuwa wameuchukia mlima. Hawakuwa wamekaa nao.

Milima hiyo ndiko yanakotoka maji ya tangi langu. Bwawa la Mindu hukusanya maji ya Mto Ngerengere kwa ajili ya mji wetu, Ngerengere huungana na Ruvu, na Ruvu hunywewa na Dar es Salaam. Ninapobadilisha ndoo mbili za maji ninabadilisha kitu ambacho sikukitengeneza, kilichofika kwangu kwa sababu msitu wa juu bado umesimama. Ukimiliki tangi, hiyo ndiyo nafasi yako halisi katika mpango mzima: mtunzaji wa kona, kwa maji ya kuazima.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja wote wanaolea mimea ya majini nyumbani, Morogoro na kwingineko. Gugu maji lililolifunika Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya ua lake zuri. Watu waliupenda, wakaupanda kwenye madimbwi ya bustani, ukatoka. Mitumbwi ilishindwa kutoka ufukweni, na ilibidi waletwe wadudu wa kwao kuupunguza. Kwa nia njema kama yako, mtu mmoja anaweza kulifanyia bwawa la Mindu vivyo hivyo. Mimea unayoipunguza usiimwage mtoni, mferejini wala kwenye choo cha maji. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha ifukie shimoni kwenye mgomba. Samaki usiowataka mpe mfugaji mwingine, usiwaachie Ngerengere. Na maji unayoyatoa kwenye tangi yamwagie mchicha. Yana nitrati, na mchicha unaipenda.